Hisa Sitini za Raudha

Sikudhani Muhogo Limited ilisajiliwa mwezi Machi 2019 ikiwa na hisa mia moja. Sitini ziliandikwa kwa dada yangu Raudha, ishirini kwa mama, kumi kwa kaka yangu Badru na kumi kwangu. Wakili aliyetuandalia karatasi, Wilhelmina, alituuliza mara mbili kama tuna hakika, kwa sababu Raudha alikuwa muuguzi huko Bergen, Norwei, na kazi ya kiwanda tungeifanya sisi watatu tuliobaki. Mama alimjibu kwamba hakuna cha kufikiria. Katika ukoo wake wa Kisarawe kitu kipya huandikwa kwa mtoto wa kike wa kwanza. Mikorosho ya bibi ilikuwa ya mama tangu mama hajaota meno, na kisima vilevile. Kiwanda kilikuwa kitu kipya, na Raudha ndiye wa kwanza.

"Na wewe, kaka Badru, umeridhika na kumi?" Wilhelmina aliuliza.

"Nimzidi dada hisa? Halafu shikamoo yake nitaitoa kwa uso gani?"

Wilhelmina akaandika.

Mimi ni katibu wa kampuni. Nina stashahada ya sheria na nimefanya kazi miaka minne katika ofisi ya mawakili kabla ya kuacha na kuingia kwenye unga. Nyumbani kwangu Mkuza kuna kabati la chuma lenye mafaili sita ya kampuni, kila karatasi na tarehe yake, kila nakala na mahali pake. Nilikuwa najivunia kabati hilo. Nasema hivi ili ieleweke kwamba kosa lililotokea halikutokana na uzembe wa mafaili.

Kiwanda kiko Mbwawa. Wanawake kumi na wanne wanamenya na kuosha, mashine aliyoileta Raudha inakwangua, shinikizo linakamua maji, vichanja vinakausha, kinu kinasaga. Wakulima arobaini na mmoja wanatuuzia, wengi wa Janga, waliobaki wa Kisarawe. Badru ndiye mnunuzi. Anafika shambani, anang'oa shina moja analolichagua mwenyewe, anavunja kiazi, anatazama weupe wake, anakitafuna kidogo, kisha anapatana na mkulima bei ya shamba zima likiwa bado limesimama. Muhogo ukishang'olewa huanza kuharibika ndani ya siku mbili au tatu. Huwezi kuusubiri sokoni. Bila kununua shambani hatuna kiwanda, tuna jengo lenye mashine.

Mwishoni mwa Julai 2025 serikali ilitoa amri inayokataza wasio raia kufanya biashara za aina kumi na tano. Niliisoma siku ileile, kama ninavyosoma kila kinachohusu leseni. Miongoni mwa zilizokatazwa ni kununua mazao shambani na kuendesha viwanda vidogo. Asiye raia mwenye leseni hai angeendelea mpaka leseni hiyo imalizike. Raia anayemsaidia asiye raia kufanya biashara hizo naye anatenda kosa. Nilifurahi. Kulikuwa na watu wa nje waliokuwa wakipita Janga na malori yao, wakitupandia bei. Nilipiga mstari chini ya vifungu viwili na kuifungia amri hiyo kabatini.

Leseni yetu ilikuwa inaisha tarehe 22 Agosti. Wiki ya kwanza ya mwezi huo nilianza kukusanya viambatanisho vya kuihuisha. Nilimwomba kila mwanahisa nakala mpya ya kitambulisho, maana nakala zilizokuwepo zilikuwa zimefifia. Raudha alinitumia picha ya pasipoti yake baada ya dakika kumi. Ilikuwa nyekundu.

Nikampigia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Imefika?"

"Imefika. Ila hii ni ya Norwei. Nataka ile ya kwetu."

"Ya kwetu ilikwisha muda, Hajira. Si nilichukua uraia wa hapa? Na wewe ulikuwepo kwenye shughuli. Wewe ndiye uliyepiga video."

Ni kweli. Mei 2022 Raudha alipopata uraia wa Norwei, mama alichinja mbuzi nyumbani Kisarawe. Yalisomwa maulidi, pilau ikapikwa katika masufuria matatu, na Raudha akaonekana kwenye simu akiwa na bendera ndogo mkononi. Mimi ndiye niliyeishika simu hiyo. Sheria ya uraia ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na mimi nimeisoma. Lakini siku ile nilikuwa mdogo mtu mwenye dada aliyefanikiwa, na nilikuwa na njaa. Tulikula mbuzi wa kusherehekea siku ambayo asilimia sitini ya kampuni yetu ilihamia kwa asiye raia. Baada ya hapo nikatia saini ritani, yaani taarifa za kampuni kwa msajili, za mwaka 2023, 2024 na 2025, zote zikimtaja Raudha Kitwana kuwa Mtanzania.

Nilikaa nikaandika kwenye karatasi kile ninachokijua kwa hakika. Kampuni ilikuwa na mwanahisa mkubwa asiye raia. Biashara yake ilikuwa miongoni mwa zilizokatazwa. Leseni ilikuwa na siku kumi na sita. Kuhusu mengine sikuwa na hakika, kwa hiyo sikuyaandika.

Asubuhi yake nilimkuta Badru kiwandani, amelala chali chini ya mashine ya kukwangua, kichwa hakionekani. Nilimweleza akiwa hukohuko chini.

"Nani anajua?" akauliza.

"Mimi na wewe."

"Basi tuwe hivyohivyo."

"Fomu inauliza uraia wa kila mwanahisa."

"Andika unachoandika siku zote."

"Siku zote nilikuwa sijui. Sasa najua."

Alijitoa chini ya mashine akanitazama, uso umejaa grisi. Kaka yangu si mtu wa hila. Ni mtu aliyekwisha patana na shamba la Maulidi kule Janga, nusu eka ya muhogo uliokomaa, na alikuwa ameahidi kung'oa tarehe 25.

"Hajira, dada amezaliwa Kisarawe. Kitovu chake kimezikwa nyuma ya nyumba ya mama. Kila mtu Janga anajua kampuni hii ni ya watoto wa Bi Sikudhani. Hao waliokatazwa ni wale wa malori."

"Amri haitaji malori. Inataja wasio raia."

"Unamwita dada asiye raia?"

"Mimi simwiti. Pasipoti ndiyo inayosema."

Akarudi chini ya mashine. Nikaenda kwa afisa biashara.

Leodegar ni Mngoni wa Peramiho, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, anayepanga kalamu zake kwa rangi. Amekuwa akishughulikia leseni zetu tangu mwanzo. Nilimpa pasipoti, rejesta ya wanahisa na nakala za ritani tatu, nikamweleza bila kuongeza wala kupunguza. Alisoma kila ukurasa. Kisha akavua miwani.

"Dada Hajira, nina miaka kumi na moja katika kazi hii. Nimeletewa majirani, wapinzani, hata wake wameleta waume zao. Wewe ni wa kwanza kuniletea mashtaka dhidi ya kampuni yako mwenyewe."

"Sijaleta mashtaka. Nimeleta taarifa."

"Haya, taarifa." Akavaa tena miwani. "Leseni yako ni hai mpaka tarehe 22. Mpaka siku hiyo mnafanya kazi. Baada ya hapo, kwa jinsi rejesta ilivyo sasa, siwezi kuihuisha."

Nilimuuliza kama Raudha angebaki na hisa chache, kumi au tano. Alisema yeye anavyoisoma amri, mwanahisa asiye raia hata wa hisa moja atamlazimu kuandika makao makuu kuomba mwongozo, na hawezi kuniahidi jibu litakuja lini. Nikamuuliza kuhusu hadhi maalumu ya Watanzania walio nje. Akasema hadhi si uraia, na fomu inauliza uraia.

"Wakiwa raia watupu?"

"Wakiwa raia watupu, na msajili akiwa amekwisha ingiza mabadiliko, na hizo ritani zimesahihishwa, mimi sina sababu ya kukukatalia. Sina hata sababu ya kukuchelewesha." Alinirudishia karatasi. "Ila kwa nini hukunyamaza? Nauliza tu."

"Ningenyamaza, tungefanya kazi kwa leseni ambayo mimi ningejua ni ya uongo."

"Na mama yako anasemaje?"

"Bado hajui."

Akacheka kwa sauti yake ndogo. "Bi Sikudhani ni mtani wangu. Mwambie Mngoni amesema pole. Yeye atajua cha kunijibu."

Kisarawe nilikwenda na Badru. Mama alikuwa barazani anachambua mchele, na binamu yangu Biubwa, ambaye anakaa naye, alikuwa anamsaidia. Tulitoa shikamoo, tukaulizwa habari za kila mtu mmoja mmoja, tukapewa chai na mihogo ya kukaanga. Ndipo nikasema. Mama hakuniuliza maswali mengi. Aliuliza moja.

"Kwa hiyo unataka nimtoe Raudha."

"Nataka Raudha ahamishe hisa zake kwa raia. Kwa wewe, kwa Badru, kwangu, kwa yeyote."

"Kampuni ina jina langu?"

"Ndiyo."

"Simtoi mwanangu kwenye jina langu."

"Mama, tarehe 22..."

"Tarehe 22 itapita kama zilivyopita nyingine. Mtu atoke hapa akahangaike na wagonjwa wa watu kwenye baridi, alete mashine, halafu tumwambie kwaheri? Nitamweleza nini Mungu? Huyo Mngoni wako amesemaje?"

"Amesema pole."

"Mwambie pole ampe babu yake aliyekuja hapa kutuibia kuku." Akarudi kwenye mchele. Badru alitazama paa. Biubwa alijaribu kuficha kicheko kwenye khanga, akashindwa.

Nilimpigia Raudha jioni hiyo nikiwa Mkuza. Nilitarajia, kwa kuwa yeye ni mtu wa vipimo na dozi, kwamba tungeelewana haraka. Sikuwa sahihi.

"Unanifuta," alisema.

"Nakuomba uhamishe hisa."

"Ni kitu kilekile, umekivalisha suti. Hajira, hapa wakiniuliza kwetu nina nini, nasema nina kiwanda. Sisemi nina nyumba, maana sina. Sisemi nina mume, maana unamjua alivyoondoka. Nasema nina kiwanda cha unga Mbwawa. Wenzangu wodini wana picha yake. Sasa nitasema nini?"

"Utasema ni cha wadogo zako."

"Wewe una roho ngumu, sijui umeitoa wapi."

Simu ikakatika. Hakupokea tena siku hiyo wala siku nane zilizofuata. Mama naye aliacha kunipigia. Badru aliongea na mimi mambo ya kazi tu, kwa sentensi fupi.

Ijumaa tarehe 22 Agosti kiwanda kilifanya kazi mpaka saa kumi na moja jioni. Nilikuwepo. Muhogo wote uliokuwa umemenywa ulisagwa, kwa hiyo hapakuharibika kitu. Nilishusha leseni ukutani, nikaitia kwenye bahasha, nikafunga geti kwa kufuli mbili. Wanawake niliwaambia ukweli: leseni imekwisha, mmoja wa wenye kampuni si raia tena, na hatufungui mpaka karatasi zinyooke. Nilisema sijui ni lini.

"Kwani wamekuja kuwafungia?" mmoja akauliza.

"Hapana. Tumejifungia."

Walitazamana. Nadhani wangetuelewa zaidi kama tungefungiwa.

Jumatatu Badru aliniambia lazima niende naye Janga kwa Maulidi, kwa sababu yeye hana maneno ya kumweleza. Maulidi ni mzee wa miaka sitini na kitu, mwembamba, na ulimi wake unajulikana mpaka Mlandizi. Tulimkuta shambani kwake, jembe begani, na majirani wawili.

"Karibuni, Wazungu," alisema.

Habari zilikuwa zimeshafika.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba. Huko kwenu mnasalimia hivi pia? Mimi nilifikiri mnapeana mikono tu." Akamgeukia Badru. "Na wewe Mzungu wa Mbwawa, umekuja kunyofoa muhogo wangu au umekuja kupiga picha?"

"Hatuwezi kununua, baba," Badru alisema. "Leseni imekwisha."

"Nani atakuona? Hapa kuna mimi, na hawa, na kunguru. Leta gari, tung'oe, tupakie."

Badru alinitazama. Muhogo ulikuwa mzuri, mashina yamenenepa, udongo umepasuka kwa viazi. Nilijua anachokitaka.

"Muhogo wako hauozi ukiwa chini," nilimwambia Maulidi. "Unaweza kukaa miezi miwili, mitatu, bila kuharibika sana. Ukitaka kumuuzia mwingine, uza, hatutakulaumu. Ukitungoja, tutaununua kwa bei ileile aliyopatana nawe kaka."

"Na mkishindwa kupata hiyo karatasi?"

"Nitakuja kukwambia mwenyewe."

Alitema mate pembeni. "Marehemu baba yenu, Kitwana, alikuwa hivihivi. Alipokuwa karani wa mizani ya korosho, mizani ikizidisha anarudisha, ikipunguza anarudisha. Watu walimchukia kweli." Akachoma jembe ardhini. "Nitangoja mpaka mwisho wa Septemba. Siku moja zaidi, naita malori."

Siku ileile niliandika barua kwa Raudha. Haikuwa barua ya kumbembeleza. Ilikuwa kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na tafsiri fupi ya amri na jinsi inavyotugusa. Ukurasa wa pili ulikuwa na orodha ya wakurugenzi. Kampuni ina wakurugenzi wawili, mama na Badru. Niliandika kwamba iwapo kampuni itaendelea kununua mazao shambani bila kubadili wanahisa, mama, akiwa raia na mkurugenzi, atakuwa anamsaidia asiye raia kufanya biashara iliyokatazwa, na kosa hilo lina adhabu yake. Nikataja kifungu. Nikaongeza kwamba mama hajui hili, kwa sababu sikumwambia, na sikumwambia kwa sababu najua angesema yuko tayari kushtakiwa. Nikaipiga picha nikaituma.

Alipiga kesho yake asubuhi, akiwa ndiyo anatoka zamu.

"Hicho kifungu umekisoma sawasawa?"

"Mara nyingi. Na Wilhelmina amekisoma."

"Mama anaweza kushtakiwa kwa ajili yangu."

"Kama tukiendelea hivi, ndiyo. Tukibaki tumefunga, hapana."

 Nilisikia mlango wa gari ukifungwa.

"Kwa nini hukuanza na hilo?"

"Nilidhani la leseni linatosha."

"Hajira, wewe una akili, ila kuna siku utaniua." Aliongea sasa kama mkubwa wetu, sauti ileile iliyokuwa ikitugawia nyama. "Sikiliza. Hisa thelathini kwa Badru, thelathini kwako. Mtakuwa arobaini kwa arobaini, mama abaki na ishirini zake. Mkigombana, mama ndiye atakayeamua. Mimi mwenyewe nitamwambia."

"Mama atasema ukubwa umeondoka."

"Ukubwa wangu uliandikwa kwa msajili? Niandalie hizo fomu."

Sijui walizungumza nini yeye na mama. Najua kwamba Ijumaa hiyo mama alikuja Mkuza akiwa na Biubwa, amevaa khanga mpya, akakaa sebuleni kwangu na kuniambia nimletee faili. Alitaka aoneshwe jina la Raudha lilipokuwa na litakavyoondolewa. Nilimweleza kwamba halitafutwa. Rejesta huonesha nani alikuwa mwanahisa, tangu lini mpaka lini, na nani alipokea kutoka kwake.

"Kwa hiyo litaonekana?"

"Litaonekana daima. Raudha Kitwana, wa kwanza, hisa sitini."

"Na mtu akija miaka ijayo akitaka kuliona?"

"Ataliona."

Alikaa akilitazama jina hilo kwa muda. Mama anasoma taratibu, kwa kidole.

"Ungeanza na hilo," alisema.

Fomu zilisafiri Bergen zikarudi, zikiwa na muhuri wa mthibitishaji wa huko. Mamlaka ya mapato ilikadiria kodi ya uhamisho na ushuru wa stempu, tukalipa. Msajili aliniuliza kwa nini ritani tatu zilikuwa na taarifa isiyo sahihi. Nikaandika barua kueleza kwamba kosa ni langu, nikalipa faini ya masahihisho kutoka mfukoni mwangu, na sikumwomba mtu anichangie. Tarehe 29 Septemba mabadiliko yalionekana kwenye mfumo. Kesho yake asubuhi nilikuwa mezani kwa Leodegar.

Alipitia fomu mstari kwa mstari, kama kawaida yake. Alipofika penye uraia wa wanahisa aliweka kalamu ya bluu chini, akachukua nyekundu, akatia vema tatu.

"Sina swali," alisema.

Kwa Leodegar hiyo ni sifa kubwa. Alichapa leseni saa nane mchana.

"Mama yako alinijibu nini?"

"Alisema pole umpe babu yako aliyekuja kutuibia kuku."

"Mwambie kuku wenyewe walikuwa wembamba."

Kutoka pale nilikwenda Janga moja kwa moja. Ilikuwa tarehe 30. Maulidi alikuwa amekaa ukingoni mwa shamba lake. Nilimpa leseni aishike. Aliigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akaitazama dhidi ya jua kama mtu anayekagua noti.

"Siku thelathini na tisa," alisema. "Nimezihesabu. Mke wangu ananiuliza kila siku kama nimechanganyikiwa. Malori yamekuja mara mbili."

"Kwa nini hukuuza?"

"Nilitaka kuona kama kweli kuna mtu anaweza kujifungia mwenyewe mpaka mwisho." Akanirudishia karatasi. "Mwambie kaka yako aje na gari kesho alfajiri. Na muhogo umezidi kunenepa, kwa hiyo tupatane upya."

"Bei ni ileile."

"Nilijua utasema hivyo. Nilijaribu."

Kati ya wakulima arobaini na mmoja, sita walikuwa wameuza kwingine. Thelathini na watano walikuwa wamengoja. Sikuwa nimemwomba yeyote isipokuwa Maulidi. Nilipata idadi hiyo kwa Badru, ambaye alizunguka mashamba yote ndani ya siku nne, na aliponiletea orodha aliiweka mezani na soda baridi juu yake. Tulirudi kuzungumza kwa sentensi ndefu.

Raudha alikuja Februari, kwa wiki tatu. Siku ya pili mama alimleta Mbwawa. Niliwaona wakiingia getini, mama mbele, akitembea kama mtu anayefungua mkutano. Alimpitisha kwenye vichanja, kwenye shinikizo, kwenye kinu. Alimsimamisha mbele ya ile mashine ya kukwangua na kuwaambia wanawake wote kumi na wanne, ambao walikwisha jua, kwamba huyu ndiye Raudha, wa kwanza wake, ndiye aliyeileta hii. Kisha akawaeleza, kwa kirefu na kwa usahihi mkubwa kuliko nilivyotegemea, kwamba hisa zake alizihamisha mwenyewe kwa saini yake ili kampuni isiwe ya ujanjaujanja, na kwamba kuna watu wenye malori makubwa ambao hawajafanya hivyo.

"Mama, yatosha," Raudha alisema.

"Haijatosha. Wanisikilize."

Raudha alivua saa, akakunja mikono ya gauni, akakaa kwenye kigoda kati ya wanawake wawili na kuchukua kisu. Aliokota kiazi, akakichana ganda kwa urefu, akalivua lote kwa mkupuo mmoja, kama bibi alivyotufundisha sote. Wanawake wakapiga vigelegele. Alikuwa anaanza cha pili nilipofika.

"Dada, weka kisu chini."

"Nini tena?"

"Umeingia kwa viza ya matembezi. Hii ni kazi, na ndani ya kiwanda. Unahitaji kibali."

 Badru, aliyekuwa mlangoni, alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Kiazi kimoja?" Raudha akauliza.

"Kile kimoja sikukiona. Hiki nakiona."

 Raudha akakiweka kisu kwenye karai, polepole, akanyoosha gauni lake, akabaki palepale kwenye kigoda, mgongo wima, mikono juu ya magoti. Mama alikuwa ameanza kucheka bila sauti, mabega yanatikisika.

"Kuongea kunahitaji kibali?" Raudha akauliza.

"Hakuhitaji."

"Una hakika? Hujaacha kifungu?"

"Nina hakika."

"Vizuri." Akawageukia wanawake, sauti yake ikajaa banda zima. "Wewe wa kilemba cha kijani, unatupa nyama na ganda. Punguza kina cha kisu. Na nyie wawili pale mwisho, maji hayo yamechafuka tangu nimeingia, yamwageni muanze upya. Badru, hicho kichanja cha tatu kimepinda, nani alikipigilia?"

"Mimi, dada."

"Nilijua. Kalete nyundo."

Badru akaenda kuleta nyundo.